Kahawa Chungu, Kashata na Ndoo ya Bia

(Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni, uani kwangu Sinza, Dar es Salaam, mbele ya watu wanaopika bia nyumbani na wengine waliokuja kuonja tu. Nimeyaandika karibu kama yalivyonitoka.)

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, marahaba, nimeitikia mapema ili msihangaike.

Nina ombi kabla ya yote. Mbele ya kila mmoja kuna glasi ndogo yenye bia nyeusi, imetoka kwenye friji dakika hii. Msiiguse. Najua joto la leo, na najua wapo waliokaa kwenye foleni tangu Mbagala mpaka ulimi umekauka. Wenye kiu, maji yapo pale. Bia iacheni itulie. Na wenzangu msiotumia kilevi, maana nawaona, birika la kahawa liko pale konani na sahani ya kashata iko pembeni yake. Ninyi ndio mtakaonielewa haraka kuliko wote.

Kazi yangu ni keki. Za harusi, za kipaimara, za mtoto kutimiza mwaka. Bia ni mambo ya uani, ya Jumapili baada ya kanisa. Kwa hiyo watu wakisikia napika bia inayonukia kashata, wanasema mama keki kahamishia keki zake kwenye ndoo. Hapana. Nilichokitia kwenye ndoo nilikitoa kwa mama yangu, Marangu, ambaye hakuoka keki hata moja maishani mwake.

Mama alikuwa mpika mbege. Mnaoijua mnaijua: ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinaiva kabisa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, kisha zinakutanishwa na uji wa kimea cha ulezi. Ndizi mbivu na kimea, hebu pigeni hesabu ya utamu wake. Ingeishia hapo ingekuwa uji wa mtoto. Ndipo unapoingia msesewe, gome la mti, chungu kama kwinini. Nikiwa mdogo niliona ni ukatili kuchukua kitu kitamu namna ile na kukitia shubiri. Mama alikuwa anainua kifuniko, anafumba macho, anavuta pumzi, halafu anasema, "Bado haijasimama." Kusimama, ndilo lilikuwa neno lake. Utamu usio na uchungu, kwake yeye, ulikuwa umelala.

Nikaja Dar. Jioni moja Kariakoo nikamkuta muuza kahawa anagonganisha vikombe, wazee kwenye benchi wanacheza bao, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa chungu na kipande cha kashata. Nikanunua. Nikauma kashata, nikapiga funda la kahawa, nikashtuka. Huu si msesewe huu? Ni mama yuleyule, safari hii kavaa baibui.

Basi jambo langu la leo ni hilo. Marekani, miaka hii ya karibuni, wamejaa bia nyeusi za kunukia vanila, nazi, kakao, mdalasini. Unaweza kuziita stauti za keki. Nyingine ni nzuri sana. Nyingine ni sharubati yenye kileo, glasi ya pili humalizi. Anayeanza kuziiga huku kwetu anakimbilia sukari, na sukari ndiyo mlango usiofaa kuingilia. Hisia ya utamu inaletwa na pua, na kinachoibeba mpaka mwisho wa glasi ni uchungu. Ukipanga kutia nazi na vanila, anza kwanza kuongeza hopsi, yale maua machungu ya kupikia bia, na kimea kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi. Kimea hicho peke yake, bila punje moja ya kakao, kina ladha ya chokoleti na kahawa.

Sasa niwaambie sukari ilivyonifanya.

Chachu inakula sukari. Hiyo ndiyo kazi yake: sukari inaingia, kileo na gesi vinatoka. Ukitia kilo ya sukari mwanzoni, mwisho wa wiki utamu haupo, umebaki ukali. Hilo nilikuwa nalijua. Nikajifanya mjanja: nitatia mwishoni. Nikaunguza sukari kama ya kashata, nikaiyeyusha kwa tui zito, nikamimina kwenye bia iliyokwisha kuchachuka, nikajaza chupa 24, nikazipanga chini ya kitanda cha chumba cha wageni. Chachu haikuwa imekufa, ilikuwa imelala njaa. Siku ya sita, saa nane usiku, pakalia pa! Kisha pa, pa! Mlinzi akapuliza filimbi, jirani akawasha taa, mume wangu akalala kifudifudi sakafuni akidhani ni majambazi. Tulipofungua mlango, chumba kizima kinanukia kashata. Harufu nilikuwa nimeipata, siwezi kusema uongo. Vipande vya chupa tulivitoa kwenye godoro kwa koleo.

Mnacheka, lakini kipande cha chupa kinapofusha. Kwa hiyo kwenye kujaza chupa: gramu 6 za sukari kwa lita, yaani gramu 120 kwa ndoo ya lita 20, inatosha kutia gesi. Basi. Bia iwe imemaliza kuchachuka kwanza, na hakikisha kwa kipimo: haidromita, kile kijiti kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, isome namba ileile siku tatu mfululizo, usiamini macho wala ukimya wa ndoo. Asali, tende, maziwa ya kopo, sukari guru, vyote hivyo ni chakula cha chachu, visiingie chupani. Na kila mara jazeni chupa moja ya plastiki, ya soda, iwe mlinzi wenu. Ukiibonyeza ikawa ngumu kama jiwe, zote ziende kwenye friji siku hiyohiyo.

Mtu ataniuliza, sasa utamu wa ulimi wenyewe unatoka wapi? Kuna sukari moja ambayo chachu ya bia haiwezi kuila, nayo ni ya maziwa, laktosi. Waingereza waliitia kwenye stauti tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakaiita stauti ya maziwa. Utamu wake ni mdogo, kama sehemu moja kwa sita ya sukari ya kawaida, ila inaipa bia unono mdomoni. Natia gramu 300 kwenye lita 20, sizidishi. Lakini watu wazima wengi kwetu maziwa yanawavuruga tumbo, wengine hata hawajui sababu. Mgeni aambiwe kabla ya kunywa, si baada ya kuomba funguo ya choo. Ukiikosa laktosi, au huitaki, loweka kimea chako kwenye maji yenye joto la nyuzi 68 au 69 badala ya 64. Hapo kimea kinatoa sukari nzito nyingi zaidi ambazo chachu haizimalizi. Glasi zilizo mbele yenu ni za njia hii ya pili. Hazina laktosi.

Na hazina sukari iliyobaki ya kutisha. Mtakapozinusa mtasema nadanganya.

Hapo ndipo pua inapoingia. Chukua vanila ya kweli, iliyolowekwa kwenye kileo, ilambe peke yake: ni chungu. Haina utamu wowote. Lakini maisha yetu yote tumeikuta ndani ya keki, biskuti na aiskrimu, kwa hiyo pua ikiikuta tu inauambia ulimi, "Tamu hiyo, jiandae." Mdalasini vilevile. Iliki vilevile kwetu sisi, kwa sababu ya maandazi. Mjerumani ukimpa iliki sijui pua yake inamwambia nini. Mtu wa Pwani inamwambia maandazi, kaimati, halua, Ramadhani imefika. Kwa hiyo mnaotafuta ladha za keki za Marekani, mnahangaika bure. Hapa uchochoroni kwetu pana kila kitu.

Vanila, kwa mfano, inalimwa Bukoba, na Zanzibar pia. Asili yake ni Mexico, na kwa muda mrefu ilipopelekwa kwingine ilichanua tu bila kuzaa. Aliyeonyesha namna ya kulichavusha ua kwa mkono, kwa kijiti na kidole gumba, alikuwa mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841. Hayo tunayoyanusa ni kazi ya kidole chake. Mimi napasua maganda matatu, nakwangua ndani, natumbukiza ganda na mbegu zake kwenye vodka kiasi cha nusu kikombe, nafunika wiki mbili. Konyagi? Nimejaribu. Konyagi ina harufu yake yenyewe na haikubali kukaa nyuma ya mtu. Ile vanila ya chupa ya dukani mnayonunua kwa ajili ya keki inafanya kazi, sitaikashifu, imenilipia ada za watoto. Kwenye bia, lakini, inakaa juujuu, kama manukato ya mtu aliyeshuka kwenye daladala muda umepita.

Sasa kipimo. Hapa ndipo watu wanaharibu ndoo nzima kwa sekunde moja. Njooni karibu kidogo mnaokaa nyuma. Hili ni bomba la sindano, la duka la dawa, sindano yenyewe nimeitupa. Hizi ni glasi nne, kila moja ina mililita 100 za bia isiyo na kitu. Ya kwanza naiacha. Ya pili natia nukta moja ya mililita, 0.1. Ya tatu 0.3. Ya nne 0.5. Nakoroga. Dada hapo mbele, nusa zote nne, usinywe. Ipi? Ya tatu? Ya nne imekuwa mshumaa, sivyo? Haya, 0.3 kwenye mililita 100 ni mililita 3 kwa lita, kwa ndoo ya lita 20 ni mililita 60. Hesabu imeisha. Na bado nitatia 50 kwanza, nisubiri kesho ninuse tena, maana kuongeza kunawezekana na kupunguza hakuna.

Na mtie mwisho. Nawaona watu wanachemsha viungo pamoja na maji ya kimea saa nzima, jikoni kunanukia mpaka kwa mjumbe. Jamani, kinachonukia jikoni ndicho kilichokwisha kutoka kwenye sufuria. Kilichobaki kitasombwa na gesi wakati wa kuchachuka. Subirini chachu imalize fujo zake ndipo mlete mgeni.

Kuhusu mgeni, nina jirani, bibi wa Kipemba, hajawahi kugusa bia na hataigusa, ndiye aliyenifundisha kashata na halua. Alinikuta siku moja nimetwanga iliki kiganja kizima, nataka kuitia kwenye chupa ya vodka. Akanusa, akaniambia, "Mwanangu, iliki ikizidi ni dawa ya kuchua." Ndivyo ilivyo, ikizidi inanukia kafuri. Punje 6 mpaka 8 kwa ndoo, zipondwe tu zifunguke, na zisikae. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, basi mimi iliki yangu siku ya tatu naitoa. Karafuu ni mkali zaidi, mbili zinatosha, ukifika ya nne ulimi unakufa ganzi kama wa aliyetoka kung'oa jino. Mdalasini kijiti kimoja. Kungumanga ikwanguliwe kidogo sana, nyingi ni sumu, si utani. Ubuyu na ukwaju ni vizuri kwenye bia nyepesi ya ngano, kwenye nyeusi mimi siviwezi, uchachu wake unagombana na kimea.

Nimebakiza nazi, na hapa ndipo nilipoumia sana, kwa hiyo nivumilieni.

Nazi ina mafuta, na mafuta ni adui wa povu. Ukikuna nazi ukaitia kwenye bia kama ilivyo, utapata kinywaji kilicho bapa juu, na utando unaong'aa kama mchuzi. Nilihangaika miezi. Nikakausha, nikakamua kwa karatasi, wapi. Siku moja nilikuwa napika wali, nimekuna nazi kwenye mbuzi, nimekamua tui la kwanza, nimekamua la pili, nataka kumwagia kuku machicha. Mkono ukasimama hewani. Machicha! Mafuta yote yameshaenda kwenye wali. Tangu siku hiyo kuku wangu wamekonda.

Namna yenyewe: machicha ya nazi 6, yameshakamuliwa mara mbili kwa maji ya moto mpaka yanatoa maji meupe hafifu tu. Yatandaze kwenye sinia juani. Kwa jua letu mchana mmoja unatosha, funika kwa chandarua kwa sababu ya nzi. Kisha kikaango kikavu, moto mdogo, usiache kukoroga. Kwanza yananukia chumvichumvi, kama kamba ya kufungia iliyolowana. Usikate tamaa. Baada ya hapo yanabadilika ghafla, yananukia biskuti, na rangi inakuwa kama andazi lililoiva. Epua hapohapo, yamwage kwenye sinia, kwani kikaango kitaendelea kuyaunguza hata jiko likiwa limezimwa. Yakipoa yatie kwenye kitambaa cha kukamulia tui kilichochemshwa, funga, tumbukiza kwenye bia iliyomaliza kuchachuka, siku nne. Halafu ndoo iende kwenye baridi. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi. Hapa Dar tumezoea kuyaona maji karibu mwaka mzima, lakini kwenye friji hata mabaki machache yataganda juu kama nta. Vuta bia kwa mpira kutoka chini yake, nta uiache.

Kahawa kwenye hii niliyowapa ni punje nzima, gramu 100, za Kilimanjaro, zimekaa ndani ya bia siku moja tu. Ukizisaga na kuzichemsha unapata ukali wa kahawa iliyolala birikani. Kakao haimo. Ningeitia, ya Kyela ni nzuri mno, ila nilitaka muuza kahawa na kashata yake, na yule mzee hauzi chokoleti.

Joto niligusie upesi, maana ndilo linalotushinda wengi. Chachu nyingi za bia zinataka nyuzi 18 mpaka 22, na vyumba vyetu viko 29 usiku. Chachu ikizidiwa na joto inatoa vileo vikali vya kuunguza koo, na hakuna vanila ya kuvificha. Beseni la maji, kanga mbichi kuzunguka ndoo, feni, chupa za barafu asubuhi na jioni. Inasaidia mpaka umeme ukatike. Siku hizi mimi natumia chachu ya mashambani ya Norway, eneo la Voss, inaitwa kveik. Ajabu ya Mungu, imetoka kwenye theluji na inafurahia nyuzi 35. Inanukia chungwa kwa mbali. Na kama unataka harufu ya ndizi, usimenye ndizi: ipo chachu ya bia za ngano za Bavaria inayotoa harufu ya ndizi na ya karafuu yenyewe, bila ndizi wala karafuu. Ni Bavaria hiyohiyo ambako mwaka 1516 waliandika sheria kwamba bia iwe shayiri, hopsi na maji tu. Viungo walivizuia mlangoni, chachu ikavipitishia dirishani.

Ndiyo, mzee wangu, nimekuona. Kuuza? Hii ni ya nyumbani na wageni. Kuuza kuna leseni, kuna TBS wa viwango, kuna TRA wa kodi, na hiyo ni hotuba ya mtu mwingine. Na asiondoke mtu hapa na wazo la kuitia bia hii mtungini apate gongo. Nitamkana mbele ya polisi.

Sasa tazameni glasi zenu. Jasho la nje linatiririka. Baa ukikaa mhudumu anakuuliza, "Ya moto au ya baridi?" na sisi wote tunajibu baridi, ikiwezekana yenye barafu shingoni. Kwa bia ya kawaida na jua hili, mko sahihi. Lakini baridi inaifunga harufu. Mngeinywa nilipoanza kuongea mngepata kitu cheusi, kichungu kidogo, baridi, basi. Sasa imefika kama nyuzi 13, 14.

Inueni. Zungusheni taratibu, fumbeni macho kama mama, nuseni kabla ya kunywa. Mnaoendesha mnuse tu, chupa zenu nimeziweka kando mtaondoka nazo. Na ninyi wa birika, umeni kashata kwanza, kahawa ifuate, halafu mtuambie sisi tumekosea wapi.